Somo: watoto wetu wa skuli wawasimulie wenzao wa nje vita vilivyopita hapa Unguja

Assalaam alaykum jamani. Hili somo niliahidi tokea mwezi uliopita, mitihani ya watoto ikanibana, mnisamehe. Mimi mwalim wa historia hapa mjini, na mwaka jana darasa langu lilikuwa linabadilishana historia na watoto wa skuli moja ya Ujerumani, wao wanatuleta ya kwao sisi tunawapelekea ya kwetu, na mengi tuliyavuruga kabla hatujajua tunafanya nini, kwa hiyo naandika hapa ili mwengine asipite tulikopita sisi.

Hatua ya 1: chagueni siku moja tu

Mwanzo watoto walitengeneza slaidi ishirini, ya kwanza imeandikwa Zanzibar ni visiwa vya karafuu vyenye fukwe nzuri na watu wakarimu. Yaani yale yale mgeni anayoyasoma ndani ya ndege kabla hajashuka. Wajerumani wakajibu "nzuri sana, asanteni", mazungumzo yakafa pale pale, wiki mbili kimya.

Tukaanza upya. Safari hii tukachukua siku moja, Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914, kwa sababu mule ndani Mjerumani yumo, Muingereza yumo na sisi tumo. Manowari ya Kiingereza HMS Pegasus ilikuwa imetia nanga hapa hapa bandarini inatengenezwa mitambo, alfajiri ikatokea manowari ya Kijerumani Königsberg ikaanza kuipiga kutoka mbali, mizinga ya Pegasus inajibu lakini haifiki, ya Königsberg inafika. Mabaharia 38 wakafa, 55 wakajeruhiwa, na meli ikazama siku hiyo hiyo mbele ya mji. Königsberg ikaenda kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ikakaa humo miezi, hadi tarehe 11 Julai 1915 Waingereza walipoipiga mpaka mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Na aliyekuwa akiangalia makombora yanaangukia wapi ni rubani wa ndege, zile ndege zilikuwa zinaruka kutoka Mafia. Mafia hii hii! Mtoto ukimwambia mwaka 1915 ndege za vita ziliruka Mafia anakodoa macho, na wa Ujerumani naye vivyo hivyo, maana wengi wao hata hiyo meli hawakuwahi kuisikia.

Anayetaka 1896, siku Waingereza walipolipiga kasri la Sultan kwa mizinga, achukue, lakini ile inataka uangalifu, ntaeleza.

Hatua ya 2: tokeni darasani

Hapa ndipo pesa inapotoka kidogo. Sisi tulikwenda Chapwani, wengine wanakiita Kisiwa cha Makaburi, kwa boti kutoka mjini hata nusu saa haifiki. Kuna hoteli kule kwa hiyo pigeni simu kwanza muulize habari ya kushuka na ada, msijitokezee watu arobaini mfano wa harusi, na kila mtoto avae jaketi la kuokolea hata anayejidai kazaliwa baharini. Huko ndiko walikozikwa mabaharia wa Pegasus. Watoto walishuka wakipiga kelele, wakafika makaburini wakanyamaza wenyewe, juu mitini popo wamening'inia, mtoto mmoja kachuchumaa anafuata herufi za jiwe kwa kidole kisha anaandika kwenye daftari, herufi moja moja, kwa sababu nyengine zimeliwa na chumvi. Ile picha ya daftari lake ndiyo iliyojibiwa na Wajerumani kuliko kitu chochote tulichowahi kutuma.

Pesa ya boti ikikosekana nendeni kwa miguu Mnazi Mmoja mkaangalie Beit el Amani. Watoto wanaipita kila siku na daladala, wanajua makumbusho tu basi, hawajui kwamba lile kuba jeupe lilijengwa kuwa kumbukumbu ya kumalizika Vita vya Kwanza vya Dunia, likafunguliwa mwaka 1925, na jina lake ndilo hilo, nyumba ya amani. Na mwenye jamaa Mombasa amuombe picha ya mzinga wa Königsberg uliopo Fort Jesus.

Hatua ya 3: wazee

Kuhusu 1914 hakuna aliye hai aliyeona, tusidanganyane. Lakini Vita vya Pili, wenyewe wanaviita vita vya Hitler, wapo bibi waliokuwa watoto na wapo wengi zaidi waliosimuliwa na mama zao. Msiwaulize "unakumbuka nini kuhusu vita", atakwambia mwanangu mimi vita sivijui. Muulize mlikuwa mnakula nini. Hapo utakaa mpaka magharibi. Mchele wa hapa mwingi ulikuwa unatoka Burma, Wajapani walipoichukua Burma mwaka 1942 mchele ukawa wa kutafuta kwa tochi, na bibi mmoja akatueleza mama yake alivyokuwa akikuna muhogo mkavu, anautwanga, anauchekecha mara mbili ili ugali usiwe na vipande, na siku ya wali ilikuwa siku ya wali kweli, watoto wanalamba mpaka upawa. Sasa angalia: mchele ulikatika Burma, na huko huko Burma mwaka 1944 ndiko walikopelekwa vijana wa Afrika Mashariki kupigana, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Muingereza la huku kwetu), wazee wanawaita Keya. Mtoto akiliona hilo peke yake bila ya kuambiwa, mwalim kazi yako ishakwisha.

Rikodini kwa simu, simu iwekwe juu ya mkeka si mkononi, feni izimwe (sisi rikodi ya kwanza yote ni feni). Na muombeni ruhusa kabla si baada, mwambieni wazi sauti yake itasikilizwa Ulaya. Mmoja alikataa, tukanywa chai yake tukaondoka, hamna ubaya.

Hatua ya 4: hesabu zipimwe

Nilisema 1896 inataka uangalifu. Ukitafuta kwenye intaneti utakuta kichekesho: vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38, haha. Watoto wetu wenyewe walikuwa wanaisimulia kwa fahari kama rekodi ya mpira. Basi nikawapa kazi waandike kilichotokea ndani ya hizo dakika. Sultan wetu Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri akajitawaza, Waingereza hawamtaki, tarehe 27 wakapiga. Kasri ikavunjwa, Beit el Hukm, jumba la jirani yake, ikavunjwa, meli ya Sultan iitwayo Glasgow ikazamishwa, na waliouawa na kujeruhiwa upande wa kwetu wanakisiwa kuwa 500. Upande wa pili baharia mmoja kajeruhiwa. Baada ya hapo ile "haha" ikafutwa na watoto wenyewe.

Akasimama mwanafunzi mmoja wa nyuma, hasemagi sana, akauliza: mwalim, wale mabaharia 38 wa Pegasus majina yao yote tunayo, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola imeyaweka hata kwenye intaneti, hawa wetu 500 wanaitwa nani? Nilikuwa na chaki mkononi nikaiweka chini. Tukaigeuza hiyo ndiyo kazi yetu, kurasa mbili, upande mmoja majina na upande wa pili karatasi tupu, tukaituma hivyo hivyo.

Hatua ya 5: andikeni Kiswahili kwanza

Tafsiri baadae. Na saa mziangalie! Mtoto kaandika kwamba siku ile ya 1896 muda wa onyo wa Waingereza ulimalizika saa 3 na mizinga ikaanza saa 3 na dakika 2, akalipeleka Kiingereza kama lilivyo bila ya kuongeza zile saa sita. Mjerumani akaandika kwa adabu kabisa, mbona vitabu vinasema saa 9, nyinyi mna nyaraka nyengine? Darasa zima lilicheka mpaka mwalim wa jirani akaja kuchungulia.

Hatua ya 6: ruhusa

Mkuu wa skuli, wazazi kwa maandishi, na kama mnataka kusoma nyaraka za zamani pale Kilimani nendeni na barua ya skuli mapema. Basi.

Hatua ya 7: na nyinyi muulize

Watoto wetu wana tabia ya kujibu tu kama wapo kwenye mtihani. Nilimlazimisha kila mmoja aandike swali moja la kuwauliza wao. Na pale mlipo sahihi msione haya kumsahihisha mgeni. Wajerumani wengi wamekua wakisikia kwamba babu zao waliibadilisha Zanzibar kwa kisiwa cha Heligoland, mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, sasa wao wakatuuliza, nyinyi mlikuwa wetu eti? Hapana bwana. Zanzibar haijawahi kuwa ya Mjerumani hata siku moja, ilikuwa na Sultan wake, Mjerumani alikubali tu kumwachia Muingereza awe mlinzi wake, unabadilishaje kitu si chako. Kijana wetu aliyejibu alijibu kwa upole lakini nilimuona anavyoandika, kama anapiga penalti. Kisha akawaongezea Khalid, kwamba siku ya mizinga alikimbilia ubalozi wa Kijerumani, Wajerumani wakamtoa kwa njia ya bahari wakampeleka Dar es Salaam, akakaa huko mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916 vita vikiwa vimepamba moto, wakamhamisha visiwa vya mbali, akaja kufia Mombasa 1927. Yaani 1896 na 1914 ni kisa kimoja kwa mtu huyo mmoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Fuoni: Mwalim ahsante, mimi wasiwasi wangu picha za watoto, hasa wa kike, zisije zikazagaa.
Jibu: Una haki dada yangu. Sisi tulituma mikono, madaftari, mawe na sauti, uso hata mmoja hatukutuma, na namba za simu za watoto hazikutoka, kila kitu kilipita kwenye barua pepe ya skuli. Hawakulalamika.

Mwalimu, Wete: Nyinyi mna meli na makaburi, sisi Pemba tutasimulia nini? Au ndio mambo ya mjini tena.
Jibu: Maalim usianze, najua unakoelekea 😄 Nyinyi mna karafuu, na vita vyote viwili vilipita juu ya karafuu, meli zikiadimika zao linalala ghalani. Waulizeni wazee mwaka huo pesa ya karafuu ilikuwaje, na mchele. Tena mna Ngome ya Chake Chake, mna magofu ya Pujini na habari za Mkama Ndume, mtawala wenu wa zamani, hayo hata watoto wa Unguja hawayajui vizuri. Anzeni kutuandikia sisi kwanza kabla ya wazungu.

Mwanachama, Jang'ombe: Mapinduzi je? Mbona umeyaruka?
Jibu: Sikuyaruka kwa woga. Tarehe 12 Januari 1964 ipo kwenye mtaala na tunaisomesha. Lakini kazi hii mtoto anakwenda kuuliza nyumbani, na kila nyumba ina yake, kuna anayesherehekea na kuna anayelia, siwezi kumtuma mtoto wa miaka kumi na tano akalitoe lile la baba yake akalipeleke kwa mgeni ambaye hata hajamuona. Mzazi akitaka mwenyewe, sawa. Kuna njia ya pembeni lakini, majumba ya Michenzani na Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na mji wetu na Potsdam ni miji rafiki, na Potsdam ilikuwa huko huko Mashariki. Tulituma picha ya ngazi za Michenzani, wakatuletea picha ya majumba yao, ukiyaweka pamoja huwezi kujua la nani ni lipi isipokuwa nguo zilizoanikwa.

Mwanachama, Mkoani: skuli yetu haina intaneti na kompyuta mbili tu moja mbovu, hii mambo si ya skuli za mjini zenye pesa?
Jibu: Sisi video tulifanya mara moja tu, umeme ukakatika katikati. Kazi yote ilikwenda kwa simu yangu na bando la wiki. Sauti na picha usiku bando linapokuwa rahisi. Mkianza kwa kungojea projekta mtangojea sana.

Kijana, Chukwani: Kiingereza cha watoto je, na wale Wajerumani wanajua?
Jibu: Na wao Kiingereza ni cha kujifunza kama sisi, wanakosea vile vile, hilo liliwapa watoto wetu moyo kuliko hotuba yoyote.

Mama wa wanafunzi wawili: Mwalim hujatwambia, ile karatasi tupu walijibu nini?
Jibu: Walikaa siku nyingi kidogo. Kisha msichana mmoja wa kule akatuma picha ya jiwe lililopo mbele ya kanisa la kijijini kwao, majina ya waliokufa vita vya 1914 mpaka 1918, kwa mpangilio wa herufi, na jina moja la ukoo limejirejea mara nne. Hakuandika maelezo. Yule mwanafunzi wangu wa nyuma akamuuliza, hawa wanne ni ndugu? Akajibu hajui, atakwenda kumuuliza babu yake Jumapili. Ndipo tulipo.