Ukuta wa bafu uandaliwe kabla tailizi hazijapanda

Mabomba kwanza. Jaza maji, funga koki zote, acha yalale usiku, asubuhi pitisha mkono mkavu kwenye kila kiungo.

Lipu iwe imekomaa. Ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, imwagiliwe maji siku 7, halafu iachwe hadi zitimie kama 28 tangu ipigwe. Upepo wa Dodoma wa Juni mpaka Septemba huikausha lipu kwa saa chache na watu hudhani imeiva. Imekauka tu, nguvu haijapata, na itapasuka ikiwa na tailizi mgongoni. Mchanga wa makorongoni uchekeche, maana wenye udongo mwingi hutoa lipu inayochunika kwa ukucha. Mwambie fundi mapema asipige niru, ule mpako laini wa saruji tupu juu ya lipu. Kama ameshapiga, ichokonolewe kwa tindo ukuta mzima, alama zisipishane zaidi ya vidole viwili.

Weka bao lililonyooka la mita 2 ukutani: mwanya kati yake na ukuta usizidi milimita 3. Palipobonyea pajazwe kwa lipu na kusubiriwa, gundi ya tailizi si ya kunyooshea ukuta.

Rangi ikwanguliwe. Jipsamu vilevile, yote, kwa sababu bafuni inalainika kwa maji, na saruji iliyomo kwenye gundi ikikutana nayo penye unyevu huzalisha fuwele zinazosukuma tailizi kutoka ukutani.

Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi. Ukiona unga mweupe unatoka kwenye lipu, usiuoshe, unaurudisha ndani. Upige brashi kavu, kisha tafuta unyevu unatokea wapi kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Sasa praima, kimiminika kinachopakwa ukutani kabla ya gundi. Nyunyiza maji ukutani kwa vidole. Yakinywewa papo hapo, ukuta una kiu na utafyonza maji ya gundi kabla saruji yake haijashika. Yakisimama kama shanga, kuna mafuta au rangi, rudi kukwangua. Kisha pitisha kiganja: kikitoka cheupe, vumbi bado lipo. Kazi ya praima ni kutuliza kiu na kufunga vumbi dogo lililobaki. Ukuta mbovu haiuponyi.

Bafu la mita 1.5 kwa 2.1, tailizi zikifika urefu wa mita 2.1, ukitoa mlango wa sentimita 70 unabaki na karibu mita za mraba 14. Koti mbili, yaani mipako miwili, zitakula lita 3 hadi 4 za praima iliyokwisha changanywa. Kipimo cha maji ni kile kilichoandikwa kwenye kopo, usikubali cha kukisia kwa macho. Koti ya kwanza ipakwe kulala, ya pili kusimama, ya kwanza ikiwa imekauka. Bandika siku hiyohiyo au kesho yake. Dirisha lisilo na kioo likiachwa siku tatu, vumbi jekundu linakuwa limetua juu ya praima na umerudi ulikoanzia.

Hapa ndipo wengi huponzwa. Praima ya tailizi ni ghali, na fundi atakuambia gundi nyeupe ya seremala ikichanganywa na maji ni kilekile. Kataa. Ukuta utang'aa vizuri, gundi ya tailizi itanata, wiki ya kwanza hakuna kasoro. Lakini gundi ile nyeupe haikomi kuyeyuka. Kila mtu akioga, maji kidogo hupenya kwenye grauti, ile inayojaza mianya kati ya tailizi, hufika nyuma ya tailizi na kuirudisha iwe maziwa. Mstari wa chini ya shawa ndio huanza: ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia mvumo wa debe tupu. Miezi inapita, tailizi moja inadondoka, na za jirani zinang'oka kwa mkono. Mwenye nyumba analaumu gundi ya tailizi, fundi analaumu saruji.

Geuza hiyo iliyodondoka uiangalie mgongoni. Gundi imeng'ang'ania kwenye tailizi, na juu yake kuna ngozi laini inayoteleza ukiilowesha: gundi nyeupe. Unga wa mchanga: ukuta haukufutwa. Mistari ya mwiko wa meno imesimama vilevile ukutani haijalalia: gundi ilipakwa eneo kubwa, ikaota ngozi kabla tailizi hazijafika. Kwa ukavu wa Dodoma paka nusu mita ya mraba kwa mara moja. Kidole kikigusa kikatoka kikavu, kwangua utupe.

Kama fundi wako hutumia uji wa saruji badala ya gundi ya mfuko, hiyo ni njia nyingine: ukuta uloweshwe na tailizi za kawaida zilowekwe, praima haihusiki. Zile ngumu zisizonywa maji usizibandike kwa uji kabisa, hazina pa kushikia.

Sehemu ya shawa na sentimita 15 za chini kuzunguka bafu zinahitaji dawa ya kuzuia maji, koti mbili, na mkanda kwenye pembe. Praima hutangulia dawa hiyo. Juu yake usipake praima tena isipokuwa kopo limesema.

Kopo lililobaki lifungwe, lisiachwe juani. Grauti isubiri angalau siku moja, na asioge mtu humo kwa wiki nzima hata kama wageni wa sherehe wameshafika. Ndoo na bafu la jirani vipo. Ufunguo kaa nao mwenyewe.