SOMO: Makande ya mwenye kisukari, kuanzia kuloweka mpaka kupakua

Habari za jioni wakuu. Tangu niseme humu kwamba mama yangu ana kisukari na anakula makande mara tatu kwa wiki, PM (ujumbe wa faragha) zimejaa swali moja: unayapikaje? Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo naweka yote hapa.

Vipimo: kikombe kimoja cha mahindi makavu ambayo hayajakobolewa, vikombe viwili vya maharage au kunde. Wengi wetu tumezoea kinyume chake, mahindi yamejaa na maharage ya kuhesabu. Kwa mwenye sukari maharage ndiyo yawe mengi, maana wanga wake huingia kwenye damu polepole na hushibisha.

1. Chagua. Punje yenye ukungu tupa, usijidanganye kwamba moto utaisafisha. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo.

2. Loweka usiku kucha, kila kimoja na chombo chake. Asubuhi mwaga maji.

3. Bandika mahindi kwanza. Yakianza kulainika ndipo maharage yafuate.

4. USITIE MAGADI. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka jana mkaa ulipanda bei, nikatia kijiko kizima cha magadi ili chungu kiive upesi. Kiliiva kweli. Punje zikapasuka, maharage yakavurugika, mwiko ukawa unasimama wenyewe katikati ya sufuria. Mama akasifu ulaini wake, akaongeza sahani. Saa mbili baadaye kipimo cha sukari kikasoma 14.8 mmol/L. Wiki iliyotangulia, kwa makande ya punje nzima na sahani moja, alikuwa 8.9. Sahani ya pili ilichangia, sikatai, lakini ule ulaini ndio ulioivuta. Punje ikifika tumboni ikiwa nzima, tumbo linaivunja taratibu. Ukiivuruga sufuriani, wanga uko tayari na sukari inapanda kwa kasi. Zaidi ya hapo magadi ni sodiamu, na mama ana presha. Pia yanaua vitamini B1 ya maharage. Kwa hiyo hata kidogo, hata "ya kuonja", usitie. Na usiyaponde kwa mwiko mwishoni.

5. Nyanya na kitunguu vitie maharage yakishaiva. Nyanya ikitangulia, uchachu wake unafanya maharage yagome.

6. Tui jepesi au karanga za kusaga, chumvi kidogo.

7. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kisamvu. Makande kikombe kimoja, basi. Chai ya pembeni isiwe na sukari.

MASWALI

Mdau wa Temeke: Mkuu, magadi natia kiasi gani?
— Rudi hatua ya 4.

Mdau wa Temeke: Nimeuliza tu, mbona ukali?
— Nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu ilimuumiza mama yangu. Isome, ndugu yangu.

Binti wa Same: Shikamoo kaka. Bibi yangu alikuwa anapika kwa kunde, na mbaazi wakati wa msimu. Zinafaa kwa mgonjwa? Na muda wa kupika ni uleule?
— Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Zinafaa sana, hata choroko. Ila kunde na choroko huiva upesi kuliko maharage. Ukizitia mapema zitapasuka, tukarudi kwenye yale ya magadi. Subiri mahindi yakaribie kuiva kabisa. Mbaazi kavu loweka kama maharage. Kama una kipimo, jaribu kila aina siku yake, pima saa mbili baada ya kula, uandike kwenye daftari. Miili haifanani.

Kijana wa Mbezi: Kwa hiyo mzee akila haya aache vidonge?
— Hapana. Hakuna nilipoandika hivyo. Na kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mwambie daktari kabla hujampunguzia wanga. Akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa, sukari huenda imeshuka mno: mpe maji ya sukari hapo hapo kama anaweza kumeza. Kama hawezi, usimlazimishe kinywani, mkimbize hospitali.

Mama Wawili: Mkaa wenyewe ndio unatushinda. Mimi nachemsha, naepua, nafungia sufuria kwenye kapu lenye blanketi. Asubuhi nakuta vimeiva.
— Asante dada, hata mimi nafanya hivyo. Niongeze moja: maharage yatokote kwa nguvu dakika kumi kabla ya kuingia kwenye kapu. Maharage mekundu yana sumu ambayo joto dogo haliimalizi.

Binti wa Same: Na viazi vitamu, kaka?
— Chemsha, usichome. Vya kuchoma hupandisha sukari zaidi. Kimoja kidogo, na mboga.

Mama Wawili: Mimi siku zisizo za makande natumia dona, lakini baada ya wiki chache linakuwa chungu. Wananiuzia bovu?
— Si lazima liwe bovu, dada. Dona linasagwa pamoja na kiini, na kiini kina mafuta yanayoharibika upesi. Tunza mahindi, sagisha kilo mbili mbili.