Jinsi ya kuomba mtoto apimwe katika kituo cha EARC

Mtoto anayeelewa hadithi vizuri akisomewa, lakini akishika kitabu mwenyewe anababaika, asiitwe mvivu kabla hajapimwa. Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na vituo vya EARC, yaani vituo vya kupima mahitaji ya mtoto kielimu, vilivyoanza mwaka 1984 na ambavyo leo viko chini ya Wizara ya Elimu katika kaunti mbalimbali.

Anzia hospitali, apimwe macho na masikio. Wazazi wengi huiruka hatua hii, halafu wakifika kituoni wanaambiwa warudi.

Kisha mwone mwalimu wa darasa akuandikie barua ya rufaa, nayo itiwe sahihi na muhuri wa mwalimu mkuu. Usikubali barua ya mstari mmoja. "Mwanafunzi huyu ni mzito" haimsaidii afisa wa kituo atakayempima mtoto hata kidogo. Barua ya maana inaeleza kwamba anasoma "baba" kama "dada", anaruka mistari akinakili ubaoni, hesabu ya kichwa anaipata ila 21 anaiandika 12. Itaje pia shida ilionekana tangu darasa gani na mwalimu amejaribu nini. Ambatisha madaftari, tena yale yaliyojaa makosa. Masafi yaache nyumbani.

Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kituo kilicho karibu. Ulizia siku ya kupima kabla ya kusafiri, maana maafisa hao pia huzunguka shuleni. Beba cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki na ripoti za shule. Aende mtu aliyemlea mtoto tangu uchanga, kwa kuwa ataulizwa mimba ilikuwaje, mtoto alitembea lini, alianza kusema lini. Mtoto mwenyewe awe amelala vya kutosha na ameshiba. Kumkaririsha majibu usiku wa kuamkia siku hiyo ni kuharibu kipimo.

Ripoti ikitoka, mwombe afisa aifafanue kwa lugha ya kawaida: abaki darasa lake kwa msaada, aende kitengo maalum, au apelekwe kwa wataalamu wengine? KISE, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya iliyoko Kasarani, Nairobi, pia hupima.

Shuleni peleka nakala tu. Ripoti yenyewe itunze. Kwa mtahiniwa, nakala imfikie mwalimu mkuu kabla usajili wa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, haujafungwa, kwani ombi la muda wa ziada katika mtihani hupitia shuleni. Kadi ya ulemavu ya NCPWD, baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, ina utaratibu wake mwingine, unaoanzia hospitali.