Namna ya kutafuta tiba ya wasiwasi inayoheshimu dini na asili yako: mwongozo kwa mkazi wa Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa Tanga anayesumbuliwa na hofu isiyokwisha, na mawazo yanayomwingia bila kuyaita, au na unyonge wa kuambiwa kila mara kwamba yeye si wa hapa, ambaye hajaenda kwa mtaalamu kwa kuchelea kwamba huko atatakiwa kuipa dini kisogo au kuwasema vibaya wazazi wake. Tiba nzuri haidai hayo. Inachodai ni kigumu zaidi: ujifunze kupambanua kati ya kile ambacho dini na mila zinakutaka ufanye, na kile ambacho hofu inakulazimisha kufanya kwa jina la dini na mila.

Anza kwa kupimwa mwili. Ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa damu na hata kahawa chungu ya kila jioni barazani vinaweza kuufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke, na si haki mtu kutibiwa hofu kwa miezi ilhali tatizo lake lingeonekana maabara. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kinatosha kwa hatua hii, na ikibidi utaandikiwa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Bombo, ambako utauliza huduma za afya ya akili. Mweleze daktari hali ilianza lini, inazidi wakati gani, na wewe hufanya nini ili utulie. Mtajie pia mitishamba unayotumia, bila aibu, kwa kuwa ipo inayogombana na dawa za hospitali.

Siku ya kwanza ya kukaa na mnasihi au mwanasaikolojia, wewe pia una haki ya kuuliza. Muulize kama amewahi kutibu wasiwasi wa kurudiarudia jambo, atatumia njia gani, na kama atakubali umlete sheikh, padri au shangazi unayemwamini. Akikujibu kwamba dini ndiyo inayokuumiza, tafuta mwingine. Akikujibu kwamba unachohitaji ni kuswali zaidi tu, tafuta mwingine vilevile. Uliza nani ataona faili lako, maana mji wetu ni mdogo na watu wanajuana. Na kama mgonjwa ni bibi ambaye Kisambaa ndicho kinachomtoka vizuri, asitafsiriwe na mjukuu wake, kwani yapo mambo ambayo hatayasema mbele ya mtoto.

Mahali ambapo tofauti kati ya ibada na wasiwasi huonekana waziwazi ni kwenye udhu. Mfikirie kijana katika msikiti mmoja wa Ngamiani, aliyeinama bombani. Ameosha mkono wa kulia mara tatu, kisha akashuku kwamba maji hayakufika kwenye kiwiko, akaosha tena, akashuku nia yake, akaanza upya usoni. Anapoinuka, kanzu imelowa hadi magotini na swala ya jamaa imekwisha. Watu humsifu kwa uchaji, naye moyoni anajua kwamba anateseka. Njia iliyothibitika kumsaidia mtu huyu ni kuikabili shaka bila kuitii, na msingi wake ulionyeshwa London mwaka 1966 na mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyewatibu wagonjwa kwa kuwazuia wasirudie matendo yao ya kujituliza.

Kwa mgonjwa wetu njia hiyo haina haja ya kugongana na fikihi, kwa sababu fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, yenyewe ina kanuni inayosema kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtaalamu na mgonjwa wakae waandike ngazi, kuanzia jambo linalotisha kidogo hadi linalotisha mno: leo atatawadha kwa kopo moja la maji, kila kiungo kisizidi mara tatu, wiki ijayo atafanya hivyo msikitini, watu wakiwepo, baadaye ataingia kwenye swala huku shaka ikimpigia kelele, asirudi bombani. Hofu itapanda, kisha, asipoitii, mara nyingi itashuka yenyewe, na hata siku ambayo haikushuka haraka atakuwa amejifunza kwamba anaweza kuswali nayo. Asitakiwe hata mara moja kuswali bila udhu au kutenda lililoharamishwa, kwa kuwa kinachozoewa hapa ni shaka, si dhambi. Imamu naye aombwe hukumu mara moja tu. Ikishatolewa, kumpigia simu kila usiku kuuliza jambo lilelile ni sehemu ya ugonjwa, na imamu mwenye huruma atakubaliana na mtaalamu kutolijibu tena. Mkristo anayerudi kwenye kitubio kila siku kuungama dhambi ileile atibiwe kwa mwendo huohuo, pamoja na padri wake.

Yapo pia mawazo yasiyohusu ibada, na haya ndiyo yanayofichwa zaidi. Mama amepanda pantoni Pangani kuvuka kwenda Bweni, mtoto yuko mgongoni, na ghafla anapita wazo la kumtupa majini. Anashtuka, anamkaza mtoto kwa kanga, na tangu siku hiyo hapandi tena pantoni. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba watu wengi wasio na ugonjwa wowote hupitiwa na mawazo ya aina hii. Tofauti ni kwamba wao huyaacha yapite. Mama huyu anachukizwa na wazo lake, na chuki hiyo yenyewe inaonyesha kwamba halitoki kwenye matakwa yake. Basi asipigane nalo wala asitafute uthibitisho kwamba yeye ni mama mwema, bali taratibu, kwa msaada wa mtaalamu, arudi kupanda pantoni na mtoto wake. Lakini mama aliyejifungua karibuni, asiyelala, anayesikia sauti zikimwamuru au anayeamini kwamba mtoto si wake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo wala asiachwe peke yake na mtoto. Vivyo hivyo kwa yeyote anayesema anataka kujiua.

Nyumbani, upendo wetu mara nyingi huulisha wasiwasi. Binti anauliza kwa mara ya kumi kama mlango umefungwa, na mama anajibu kwa mara ya kumi. Mpatane mapema, mbele ya mtaalamu, jibu litakalotumika: “Mwanangu, tulikubaliana kwamba swali hili silijibu. Njoo tukae tunywe chai.” Lisemwe kwa upole, na nyumba nzima ilishike.

Unyonge wa asili unahitaji mkono tofauti. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alileta mkonge huku mwaka 1893, na mashamba yaliyofuata yakawaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji. Wajukuu wao wamezaliwa hapa, na bado wapo wanaoitwa watu wa kambini, hasa posa inapopelekwa. Mtaalamu asimwambie kijana huyu kwamba anawaza vibaya, maana tusi alilotukanwa ni la kweli. Amsaidie kuliita dhuluma kwa jina lake, kuikusanya historia ya babu yake kutoka kwa wazee waliobaki, kufanya mazoezi ya jibu atakalotoa kwa heshima atakapodharauliwa tena, na kutafuta watu ambao mbele yao hahitaji kujieleza.

Kusomewa dua na kunywa kombe si lazima viachwe, iwapo vinakupa utulivu na haviwi jambo jingine la kurudiarudia. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliuandika wasiwasi kama ugonjwa wa nafsi unaotibika, kwa hiyo Mwislamu anayekwenda kwa mwanasaikolojia hajatoka nje ya mapokeo yake. Yakatae, hata yakitoka kwa mganga wa ukoo, maagizo ya kuacha dawa, kufungwa minyororo, kupigwa au kushindishwa njaa.

Dawa zikihitajika, kama fluoxetine, usizihukumu kwa siku chache: kwa hofu huchukua wiki kadhaa, na kwa wasiwasi wa kurudiarudia huweza kufika wiki 12. Usiziache ghafla. Ramadhani ikikaribia, mwone daktari mapema, kwa kuwa dawa inayomezwa mara moja kwa siku inaweza kuhamishiwa wakati wa kufuturu au daku. Anayehitaji kulazwa kwa muda, mkoa wetu una Lutindi, wilayani Korogwe, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani na kugeuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Piga simu kwanza kuuliza gharama na kama ndugu anaruhusiwa kukaa karibu na mgonjwa.