Kuchora waridi kwa rangi za maji, sisi wa huku kwenye unyevu

Video karibu zote za kuchora waridi zinakwambia subiri dakika tano karatasi ikauke alafu endelea. Jamani hizo dakika tano ni za huko kwao. Mimi nakaa Ngamiani hapa Tanga, ukichora mwezi wa nne masika imeshika, usiku, madirisha yamefungwa, karatasi inaweza kukaa nusu saa na zaidi na bado ukiigusa ina baridi, na wewe ukijidanganya imekauka unaongeza rangi, basi hapo ndo waridi linageuka baka kama la dari iliyovuja. Miaka miwili mizima niliamini mkono wangu mbovu. Mkono ulikuwa mzima, nilikuwa sijui kusoma maji tu, kwaiyo humu ntaongea sana habari za maji na waridi lenyewe tutalikuta njiani, usishangae.

Vifaa kwanza, na sitakaa sana hapa. Karatasi ndo usifanyie ubahili, tafuta ya gramu 300 (ni uzito wake kwa mita moja ya mraba, ndo unene wenyewe), ikiwa ya pamba ndo bora zaidi maana inashika maji bila kuharakisha. Karatasi ya kuprintia ya gramu 80 itakunja kunja kama chapati, na manila nayo ukishaisugua mara mbili inatoa nyuzi nyuzi. Brashi mbili zinatosha, moja ya mviringo namba 8 yenye ncha kali na nyingine ndogo ya namba 3 au 4. Makopo mawili ya maji, moja la kusuuzia na moja safi. Sahani nyeupe ya kigae ya kuchanganyia, haina haja ya kununua paleti. Tishu. Basi. Maji yenyewe yawe matamu, kama kisima chenu kina chumvi usiyatumie kabisa kwasababu chumvi inavuta maji na kuacha madoa ya ajabu kwenye rangi, kuna watu wanainyunyizia makusudi wapate madoa hayo ila kwenye shavu la waridi huyataki.

Rangi ya pinki nayo ina mtego wake. Ile inayowaka kama kijora cha mnanda, inayouzwa kwa jina la opera, inapendeza siku ya kwanza alafu jua linaila. Na ile nyekundu ya damu ya mzee inayoitwa alizarin nayo ile ya asili yake inafifia, hata wachoraji wakubwa wamelia nayo. Geuza tyubu usome nyuma kwenye maandishi madogo, kuna namba inayotaja unga wa rangi uliomo ndani, ukiona PV19 nunua, ukiona PR83 rudisha. Hiyo PV19 ndo pinki safi ya waridi na inavumilia mwanga vizuri. Kama huna uhakika na uliyonayo paka mstari kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa kadibodi, bandika dirishani linapopiga jua, uje ulinganishe baada ya mwezi. Jua la Tanga halina haya, litakwambia ukweli. Zaidi ya pinki tafuta bluu moja (ultramarine), njano moja, na kahawia ya udongo, mengine yote utayachanganya mwenyewe. Vile vibweta vya watoto wa shule vya vidonge kumi na mbili vinafaa kuzoesha mkono, ila pinki yake ni chokaa tupu.

Haya sasa maji. Wewe ushapika mchuzi wa nazi au ushaona mama akipika, kuna tui la kwanza zito, la pili, na la tatu ambalo ni maji maji tu. Changanya pinki yako hivohivo kwenye sahani, madimbwi matatu. La tatu liwe jepesi mpaka uone weupe wa sahani, la pili la kati, la kwanza zito linalosuasua ukiinamisha sahani. Na kanuni ni ileile ya jikoni, tui jepesi linatangulia, zito linakuja mwishoni. Yaani kama kwenye karatasi kuna la tatu bado bichi unaweza kudondoshea la kwanza, litatambaa taratibu na kutoa kivuli laini kizuri mno. Ila kama kwenye karatasi kuna zito limeanza kukauka alafu wewe ukaja na brashi yenye maji mengi, yale maji yanaisukuma rangi pembeni na kuacha ukingo wenye meno meno kama ramani ya visiwa. Hilo ndo baka nililokuwa nalisema. Halitoki, ukilisugua ndo unaliongezea mji.

Kujua karatasi iko hatua gani usitumie saa, inamisha kichwa uitazame kwa ubavu mwanga ukiwa mbele yako. Mwanzo inang'aa kama sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji, hapo rangi itakimbia popote. Baadae mng'ao unatulia unakuwa kama ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi, hapo ndo penyewe, dondoshea zito lako sasa hivi. Alafu mng'ao unaondoka karatasi inakuwa butu, na hapa ndo wengi tunaharibikiwa maana macho yanasema imekauka kumbe ndani bado ina maji. Gusa kwa mgongo wa kidole (sio ncha, ncha ina mafuta na jasho), ikiwa baridi toa mkono, nenda kanywe kahawa. Ikifika joto sawa na meza ndo imekauka kweli. Kipindi cha kaskazi, Januari hivi, nikichorea barazani mchana na upepo wa baharini, inafika haraka mpaka nachelewa mimi. Feni unaweza kuwasha lakini ikiwa bado inang'aa usiielekeze moja kwa moja, itasukuma dimbwi upande mmoja. Draya ya saluni hivohivo, iwe mbali.

Sasa waridi. Tafuta la kweli ulitazame, hata lile dogo la kienyeji la kuwekea kwenye kikuba linatosha kabisa, na unapata harufu bure. Watu wanachora waridi kama mzunguko wa konokono wanafurahi, lakini ukilitazama vizuri waridi ni kikombe cha kahawa kimekaa kwenye kisahani. Petali za ndani zimejikunja pamoja ndo kikombe, petali za nje zimelala ndo kisahani. Chora kikombe kwanza kwa penseli nyepesi mno, mdomo wake wa mviringo uliobonyea, alafu kisahani kimeinama kufuata kikombe, alafu ndo ugawe petali. Kikonyo kitokee katikati chini ya kikombe, sio pembeni, utaona mawaridi mengi ya mtandaoni kichwa kimevunjika shingo kwasababu hiyo tu. Raba itumie kidogo maana ukisugua sana unachubua uso wa karatasi na rangi itazama hapo.

Anza na kitovu. Chukua tui la kwanza na ncha ya brashi, piga vimkato vidogo vya kujikunja kama koma, vitatu vinne, vinavyokumbatiana, na kati yao ACHA weupe mwembamba. Huo weupe ndo ukingo wa petali, ukiuziba umemaliza ua, hakuna rangi nyeupe ya kulirudisha likaonekana hai. Suuza brashi, ifute kwenye tishu ibaki na unyevu tu, gusa ukingo wa nje wa vile vimkato uvute kuelekea nje, rangi itakufuata yenyewe ikififia. Kadri unavyotoka nje vimkato vinakuwa vipana na tui linapungua, la pili, alafu la tatu.

Petali za nje usizipake zote kwa mpigo. Paka moja, ruka ya jirani, paka inayofuata, zikikauka ndo urudi kwa zile ulizoziruka, la sivyo zitaungana ziwe uji mmoja. Kila petali ilowanishe kwanza kwa maji safi, isubiri ifike ule mng'ao wa mafuta ya nazi, dondoshea pinki pale inapozama chini ya mwenzie, alafu inua mkono. Nasema inua mkono kwasababu hapa ndo pagumu kuliko pote, mkono unawasha unataka kusaidia. Usiisaidie. Na usiogope ikionekana imekoza, rangi za maji zikikauka zinapauka, kwaiyo ukipaka ile unayoiona sawa ikiwa bichi kesho asubuhi utakuta ua lina homa.

Raundi ya pili ni vivuli na hapa ndo ua linainuka kwenye karatasi. Kivuli sio nyeusi, tupa hiyo nyeusi. Chukua pinki yako uitilie bluu kidogo iwe ya zambarau iliyopoa, na sehemu za ndani kabisa kwenye kitovu tia kahawia badala ya bluu ili ziwe na joto. Kila petali iliyokunjwa mdomo inaangusha kivuli kwa iliyo chini yake. Piga mstari wa kivuli ukiwa mkali upande unaogusana na mdomo wa petali, alafu haraka na brashi yenye unyevu upite upande wa pili wa huo mstari uuyeyushe usionekane umeishia wapi. Upande mmoja mkali, upande mmoja umeyeyuka. Ukiniuliza waridi zima lina ufundi gani ntakwambia ni huo, nilijaza daftari zima petali moja moja kabla haujanikaa. Brashi ya kuyeyushia ikiwa na maji mengi utaleta ramani, ikiwa kavu itachanachana, iwe kama kitambaa ulichokikamua kwa nguvu.

Majani fasta. Njano na bluu, alafu chovya pinki kidogo kwenye hiyo kijani itulie, utaona jani na ua vinapatana maana wamechangia damu. Jani la waridi sio moja, ni kikonyo chenye vijani vitano au saba, kimoja mbele na vingine wawili wawili, kingo zina meno madogo. Chini ya ua kuna vijani vitano vyembamba vya kijani vinavyolibeba, usivisahau. Miba michache, imeinama kuelekea chini.

Waridi jeupe wengi wanaliogopa kumbe ndo rahisi, hupaki ua, unapaka kivuli tu kwa bluu na kahawia nyepesi mno, na majani meusi meusi nyuma yake yanalitoa. La njano ndo la kuangalia, ukitia bluu kwenye kivuli chake linageuka embe bichi, tumia kahawia na pinki kidogo.

Kuna Pierre-Joseph Redouté, mzaliwa wa sehemu ambayo leo ni Ubelgiji, aliishi 1759 mpaka 1840, ndo aliyechora mawaridi ya bustani ya Joséphine mke wa Napoleon pale Malmaison. Nyingi kazichorea kwenye ngozi ya ndama wala sio karatasi. Tafuta picha zake uzikuze kwenye simu, tazama kingo tu, utaona jinsi anavyouacha mwanga.

Kutunza sasa, maana huku kazi haijaisha ukiweka brashi chini. Niliwahi kuchora kadi arobaini za harusi ya jirani, mawaridi mawili kila kadi, nikazipanga moja juu ya nyingine usiku nikijua zimekauka. Asubuhi ya masika ile zilikuwa zimebusiana, waridi la huyu liko mgongoni kwa yule. Nilizirudia siku tatu silali na mama wa bibi harusi kila jioni anapita barazani anauliza tu "vipi mwanangu". Zianike moja moja mpaka kesho yake. Ukitia kwenye fremu weka kadibodi iliyokatwa dirisha ili kioo kisiguse mchoro, unyevu ukiingia vinagandana. Karatasi ambazo hujazitumia zifunge kwenye mfuko wa plastiki na vile vipakti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, karatasi ikikaa kwenye unyevu muda mrefu ile gundi yake inakufa, ukipaka rangi inanyonya kama tishu na kutoa madoa. Jaribu kona kwa tone la maji kabla hujaanza, likizama papo hapo hiyo ibaki ya mazoezi.

Na kibweta cha rangi usikifunge kikiwa kibichi, kitaota ukungu kijani ndani ya wiki. Kiache wazi usiku kucha. Kama rangi zako ni zile zilizotengenezwa kwa asali basi kiweke juu ya kikombe kilichosimama ndani ya sahani ya maji, kama unavyofanya na kopo la sukari, sisimizi wa Ngamiani hawachagui.