Somo: Kisima kinanuka petroli, ufanye nini

Visima vingi vya kisiwani Mombasa vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, nalo limejaa mianya. Petroli inayovuja kutoka tangi la chini ya ardhi huteremka humo bila kuchujwa, ikifika majini ikaelea, kwa kuwa lita yake ina gramu 740 hivi. Dizeli pia huelea.

1. Zima pampu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanavuta maji siku nzima ili uchafu uishe, kumbe wanayavuta mafuta yaje karibu na kuyapandisha maji ya chumvi kutoka chini. Moto usisogezwe, na mtu asiteremke kisimani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia humo ndani.

2. Pima unene wa mafuta. Teremsha taratibu mrija mwangavu wenye vali chini, ncha ya juu ibaki nje ya maji, kisha upandishe na usome kwa rula. Pima wakati maji ya bahari yamejaa, upime tena yakipwa, hasa siku za bamvua, na uandike saa. Kisima kilicho karibu na pwani hufuata bahari: maji yakipwa mafuta hukusanyika kisimani, yakijaa mengine hunaswa mwambani chini ya maji. Mwenye kupima mara moja hudanganyika. Tena unene wa kisimani kwa kawaida huzidi ule wa mwambani, basi usiutumie kukisia lita zilizovuja.

3. Toa yanayoelea kwa vitambaa vinavyonyonya mafuta na kukataa maji. Vitie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Ukimwaga mtaroni au chooni, yatarudi kisimani.

4. Chukua sampuli chini ya safu ya mafuta, la sivyo utapima matone ya petroli badala ya kilichoyeyuka. Tumia chupa za kioo za mililita 40 zenye kifuniko cha ndani cha Teflon. Jaza mpaka maji yavimbe mdomoni, funga, pindua. Ukiona kiputo, anza upya. Miongozo mingi huagiza kutia asidi. Maji yetu yana chokaa, yatatoa povu na benzini, yaani sumu iliyomo ndani ya petroli, itoroke nalo, kwa hiyo usitie. Weka kwenye barafu, zifike maabara kabla ya siku 7.

5. Wapelekee NEMA (mamlaka ya mazingira) na WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) vipimo vyote pamoja na saa zake.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, tukiyachemsha je?
Jibu: Hapana, dada. Benzini itahamia kwenye hewa ya jikoni, muivute. Klorini nayo haiiondoi. Kiwango cha juu cha benzini kwa mujibu wa WHO, Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita. Gramu moja tu huharibu lita 100,000. Kuoga pia muache mpaka majibu yaje.

Swali: Baada ya masika harufu imeisha. Tuendelee kunywa?
Jibu: Msinywe bado. Maji yamepanda yakayafunika mafuta mwambani. Kiangazi yatatokea tena, na pua haiwezi kunusa kiwango kidogo hivyo. Pimeni.

Swali: Kaka, jirani yetu ana draikilina, si petroli. Ni hatua zile zile?
Jibu: Hatua ya 2 na ya 3 hazifai. Perkloroethilini, dawa ya kusafishia nguo za draikilina, ina uzito wa kilo 1.6 kwa lita, hivyo huzama. Chukua sampuli karibu na kitako cha kisima, na usikubali kukichimba zaidi: utaifungulia njia ya kushuka.