Windows au Linux? Kuchagua mfumo wa kompyuta ya nyumbani na ya duka

Kabla hujamwambia fundi wa Darajani au Chake Chake "nipigie Windows", andika programu ambazo kazi yako haiendi bila ya hizo. Duka linalofunga hesabu kwa TallyPrime halina la kuchagua: programu hiyo imetengenezewa Windows. Nyumba ya wageni ya Paje inayopokea buking kwenye tovuti na kujibu barua pepe, au mtoto wa skuli anayeandika na kusoma, mfumo wowote wenye kivinjari kizuri unamtosha. Mac ni nzuri kwa wahariri wa video, ila macOS huja na mashine ya Apple, na bei yake unaijua.

Kisha itazame mashine, hasa iliyokwishatumika. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa kazi ya kweli, RAM iwe GB 8. Kwa prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel, tafuta kizazi cha nane au zaidi. Namba ndiyo inayosema: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita. Muuzaji anayekwambia "ni i5" tu hajakwambia kitu. Ili kuiona TPM, bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika tpm.msc, usome toleo. Wapo mafundi wanaoiingiza Windows 11 kwenye mashine isiyofaa kwa njia ya mkato. Itawaka, lakini Microsoft haikuahidi masasisho yake.

Mashine iliyoshindwa hapo, ijaribu kwa Linux Mint, toleo moja la mfumo wa Linux, ambalo ni bure. Faili lake linakaribia GB 3, kwa hiyo literemshe penye Wi-Fi, usilimalize bando. Lichome kwa Rufus, programu ya kutengenezea flashi ya kuwashia kompyuta, kwenye flashi ya GB 8 isiyo na kitu chako, maana itafutwa yote. Washa kompyuta huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, uchague flashi. Mint itafunguka bila ya kugusa diski. Hapo jaribu Wi-Fi, sauti na printa, na ufungue hati zako kwa LibreOffice, programu ya ofisi iliyomo ndani ya Mint, uone kama majedwali hayakuhama. Wi-Fi za Broadcom ndizo zinazosumbua zaidi. Ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB, ugawe intaneti, kisha uteremshe draiva, yaani programu inayoiendesha Wi-Fi hiyo.

Microsoft Office ya kreki, yaani iliyovunjwa leseni, tusiisifie: mara nyingi ndiyo mlango wa virusi, na kwenye duka virusi hula daftari la wadeni.

Ukiridhika na Mint, kabla ya kuiweka kwenye diski ya kompyuta, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha ifungue kwenye kompyuta nyengine uhakikishe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, hifadhi kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48. Bila ya huo, ukibadilisha mipangilio ya kuwashia, Windows inaweza kukukatalia mafaili yako mwenyewe. Desktopu isiyo na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) usiiwekee mfumo mpya jioni ambayo umeme unacheza: ukikatika katikati, utabaki na diski iliyofutwa na mfumo nusu, na itabidi uanze upya kwa flashi ileile.